Gia ya Babu na Pazia la Jiko la Mvua

Vuta kiti, wewe uliyekuzwa kwa uji wa shule na mchakamchaka wa alfajiri, na kama goti linalalamika liache lilalamike, halijaanza leo. Nataka nikueleze habari ya kifaa ambacho watoto wetu wakikikuta mezani kwangu hapa Mbugani wanakiinua kwa vidole viwili kama wameokota panya. Ni kishikio cha kuchezea michezo kwenye zile kompyuta za zamani, zilizokuwa kibodi tupu unayoichomeka nyuma ya televisheni. Kina kitako cha plastiki, fimbo iliyosimama katikati, kitufe chekundu na waya. Wenye elimu yao wanakiita joistiki. Sisi tulikiita gia, kwa sababu tulikuwa tumeona lori kabla hatujaona kompyuta, na fimbo ile ilifanana na ya lori kwa kila kitu isipokuwa ukubwa.

Siku hizi ninazitengeneza. Zinaletwa na mabasi ya Mbeya ndani ya maboksi ya viatu, zikitoka kwa watu wazima wenye vitambi na vyeo ambao wamegundua sasa hivi kwamba furaha yao yote ilibaki kwenye mchezo mmoja wa utotoni. Mwanangu Neema akija likizo kutoka chuoni husimama mlangoni na kunitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mama yake akizungumza na mti.

"Mama, si wanunue mpya tu?"

"Mpya haipo. Viwanda vilifungwa kabla hujazaliwa."

"Basi wacheze kwenye simu."

Ndivyo kilivyo kizazi hiki chenye bahati. Kitufe kikikwama, hawapotezi muda wao wa thamani kuuliza kimekwama kwa nini. Wanapiga picha ya huzuni, wanaituma kwa baba, na baba mwenye akili timamu ananunua simu nyingine. Sisi enzi zetu hatukuwa na maendeleo hayo. Kitu kikiharibika tulikitengeneza, kikiharibika tena tukakitengeneza tena, na kikikataa kabisa kilipewa kazi nyingine: redio iliyokufa ikawa kiti cha kuku anayeatamia, na tyubu ya baiskeli iliyotoboka kila mahali ikawa mishipi ya kaptula zetu za shule.

Tulikuwa na shida nyingi za kupendeza. Tulikwenda shule na jembe begani na ufagio kwapani, na daftari lilikuwa jambo la nyongeza. Tulikatiza mashamba ya kakao tukinyonya ule utomvu mweupe mtamu kwenye mbegu na kutema mbegu mahali ambapo mwenye shamba asingezikuta, na yeye alizikuta kila mara. Mpira wetu ulisukwa kwa magome ya mgomba, ukilowa mvua unakuwa mzito kama tofali, na mvua ya Kyela, unajua mwenyewe, haina adabu ya kupumzika. Nyumbani tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa ndizi. Leo nasikia chakula kile kinauzwa hotelini, kwenye sahani ya mraba, na jani moja la mapambo juu.

Mimi na kaka yangu Lusajo tuliishi kwa babu yetu mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo tulimjua zaidi kwa zawadi kuliko kwa sura. Babu alikuwa mshika usukani wa meli ya ziwani iliyokuwa ikiondoka bandari ya Itungi kwenda kusini. Alipostaafu alirudi nyumbani na miguu iliyozoea sakafu inayoyumba, akawa anatembea uani kwa kupanua hatua, kana kwamba migomba ingeweza kumtupa majini wakati wowote. Alikuwa msemaji. Alizungumza na bibi kutwa nzima, kutoka chai ya asubuhi mpaka uji wa usiku, wakibishana juu ya mambo ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa na ushahidi nayo.

Kisha bibi akafariki, na babu akanyamaza.

Hapa inabidi nisimame nieleze, kwa ajili ya wale ambao hawakulelewa kwetu, na kwa ajili ya wale waliolelewa kwetu wakasahau. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hazungumzi naye, hapiti mbele yake. Akimwona anakuja njiani, anakata kona akapitie nyuma ya migomba. Ni heshima, na ilikuwa heshima ya kweli, iliyofuatwa kwa moyo na watu wasio wajinga hata kidogo. Lakini fikiria nyumba yetu baada ya bibi kuzikwa. Mama yetu alikuwa mkamwana. Alipika jikoni, sisi tukapeleka chakula sebuleni, tukarudisha vyombo. Mtu mzima pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuongea na babu kutwa nzima alikuwa kaburini. Zilizobaki ni sauti mbili za watoto, na mambo ya watoto babu alikuwa ameyasikia yote.

Alikaa kwenye kiti chake akiangalia mlango. Ukimsalimia alijibu "ndaga", neno letu linalotosha kwa asante, kwa salamu na kwa kila kitu, na babu sasa alilitumia kwa kila kitu. Alikuwa anakonda. Mama alijua kwa kuangalia sahani zinavyorudi. Alisimama jikoni na wali mkononi, wali wa mpunga wa Kyela ambao watu wa Dar es Salaam wanaugombania, akasema taratibu, "Huyu mzee anamfuata mkewe." Alisema vile kwetu, kwa sababu kwa mwenyewe asingeweza.

Ndipo Baba mdogo aliporudi kutoka Zambia. Mgodi alimokuwa akifanya kazi ulikuwa umepunguza watu, naye akafika kwa kupitia Tunduma na mke, godoro, na kreti lililofungwa kamba kama jeneza. Ndani ya kreti kulikuwa na kompyuta, televisheni ndogo na kinasa kaseti.

Baba mdogo hakuwa mtu wa kupunguza maneno. Alitutangazia kwamba kompyuta ile itatunza hesabu za mpunga na kakao, itatufundisha Kiingereza, na huenda ikatabiri mafuriko. Wazee wa kanisa walikuja kuitazama, wakaizunguka, wakauliza kama inasali. Baba mdogo akasema ikipewa kaseti ya sala itasali. Ukweli ni kwamba alikuwa na kaseti moja tu, na ndani yake hamkuwa na hesabu, Kiingereza wala sala. Mlikuwa na mchezo wa mashua.

Kijana wa leo akibonyeza mchezo ukachelewa kufunguka kwa muda wa kupiga chafya, anaulaani mtandao na serikali. Sisi tulichomeka kinasa kaseti, tukabonyeza, na kompyuta ikaanza kupiga kelele kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Hiyo kelele ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe ukiingia. Ungeweza kwenda kisimani ukarudi bado mbuzi analia. Kuku akipita akagusa waya, mnaanza upya. Umeme ukikatika, na umeme wa Mbugani ulikuwa mgeni asiyeaga, mnaanza kesho. Subira tuliyofundishwa na kaseti ile ingetosha kuendesha seminari.

Mchezo ukiingia, ilionekana mashua ndogo kwenye mto usio na mwisho, na mawe. Mashua ilijiendea mbele yenyewe. Kazi yako ilikuwa kuipeleka kushoto au kulia isigonge. Lusajo alishika gia kwanza kwa sababu alikuwa mwanamume, sababu iliyotosha enzi hizo. Akagonga. Akaanza tena, akagonga. Kutoka kwenye kiti cha nyuma tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mazishi.

"Huyo mshika usukani amelewa."

Tuligeuka. Babu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini.

"Mwambie aanze kukata kona kabla ya jiwe, siyo juu ya jiwe. Maji yanamsukuma, haoni?"

"Babu, unataka kushika?" nikauliza.

Akashika. Jikoni, nyuma ya pazia, sufuria zikaacha kugongana.

Lile jiko nilieleze. Baba alikuwa ameongeza chumba nyuma ya sebule, tukakiita jiko la mvua, kwa sababu jiko la kawaida lilikuwa nje uani na miezi ya mvua usingeweza kulifikia bila kuogelea. Kati ya jiko la mvua na sebule hapakuwa na mlango, kulikuwa na pazia zito la kitenge. Upande huu babu, upande ule wakamwana wake wawili. Walisikia kila neno lake na yeye alisikia kila mwiko wao, na kwa heshima wote walijifanya viziwi.

Kuanzia siku ile babu alisafiri kila umeme ulipokubali. Alizungumza akisafiri. Aliukosoa mto kwa kutokuwa na bandari hata moja, jambo aliloliona kuwa uzembe wa waliotengeneza nchi hiyo. Aliwakosoa waliopanga mawe. Sahani zikaanza kurudi tupu, na mama akaacha kunong'ona.

Kisha gia ikaharibika.

Baba mdogo alitangaza kwamba ataagiza nyingine kutoka Zambia, kwa uhakika uleule aliotumia kutangaza mafuriko. Aliyeichukua na kuifungua alikuwa mkewe, Mama mdogo Tusekile. Wazazi wake walikuwa Wanyakyusa waliohamia Zambia, na alikulia kwenye duka la baba yake la kutengeneza redio. Alikuwa na bisibisi zake ndani ya soksi, na kipande cha shaba chenye mpini wa mti ambacho alikichoma kwenye mkaa, pembeni ya sufuria ya maharage, mpaka kikaweza kuyeyusha lehemu. Tulikula maharage yenye harufu ya redio kwa kipindi kirefu na hakuna aliyekufa.

Yeye ndiye aliyenionyesha, na nakuonyesha wewe sasa bila haraka, maana ni rahisi. Ukitoa skrubu za chini, unakuta kibao chenye vibati vinne vidogo vya chuma vilivyobonyea kama visahani: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Fimbo inashuka mpaka kwenye mguu mpana uliokaa juu ya visahani hivyo. Ukiilaza fimbo kushoto, mguu unakandamiza kisahani cha kushoto, umeme unapita, mashua inakwenda kushoto. Basi. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Kisahani kikichoka kinabaki kimelala hakirudi juu, na hapo unakata kingine kwenye kopo la maziwa ya unga, unakibonyeza kwa kichwa cha msumari, unasafisha mahali pake kwa kifutio cha penseli. Waya ukikatika, mara nyingi umekatika pale unapoingia kwenye kitako. Unakata kipande, unaunga upya.

Alitengeneza hivyo. Gia ikarudi sebuleni, babu akasafiri. Ikaharibika tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Akatengeneza, ikaharibika. Mama mdogo akaishika shingo ya ile fimbo karibu na mwanga wa mlango wa uani. Ufa ulikuwa umeizunguka kama mshono wa kamba.

"Fimbo ya kulaza haipasuki hivi," akasema. "Lusajo, umekuwa ukiisokota?"

"Siyo mimi, mama mdogo."

"Bupe?" akanigeukia mimi.

"Siyo mimi."

"Kwa hiyo inajisokota."

Tulinyamaza. Wewe mwenzangu unaelewa kwa nini. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mzee haharibu kitu, kitu ndicho kinachoharibikia mkononi mwake. Kusema babu anavunja ilikuwa ni kumshitaki. Kuonyesha kwa mikono namna anavyofanya ilikuwa ni kumuigiza, na kwa kumuigiza mzee ulipata fimbo ambayo haikuhitaji kaseti. Mtoto wa leo angemrekodi babu, akamwekea muziki, na kufikia jioni nchi nzima ingekuwa inacheka. Sisi tulitazama miguu yetu, na Mama mdogo akaendelea kuimarisha gia dhidi ya adui asiyemwona. Aliifunga shingo kwa waya mwembamba wa shaba. Akaizungushia tyubu ya baiskeli. Kila aliposhinda upande mmoja, ilivunjika upande wa pili.

Siku ilipovunjika kabisa, fimbo ikabaki mkononi mwa babu na kitako kikaanguka sakafuni. Babu aliiweka juu ya meza.

"Ndaga," akasema, akaegemea nyuma.

Mchana ule mama alipika wali na mbasa, samaki ambaye babu alikuwa akimsifia kuliko watu. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Kesho yake vilevile. Baba mdogo alizunguka nyumba akizungumzia watu anaowajua Kitwe, kule Zambia. Jikoni, kama Lusajo alivyonisimulia baadaye, mama alikaa juu ya kigoda na kanga imefunika mdomo, na Mama mdogo akasimama mbele ya pazia, vipande vya gia mikononi, kwa muda mrefu. Halafu akaongea kwa sauti kubwa kupita kiasi, huku akimtazama Lusajo aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuweza kunong'onezwa.

"Lusajo, muulize babu yako, hii gia huwa anaishikaje."

Mama akashtuka. "Tusekile, utatuaibisha."

Lusajo akachungulia sebuleni. "Babu, mama mdogo anauliza gia unaishikaje."

Babu alikuwa amesikia kila silabi, na mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake. Hata hivyo alisubiri ujumbe ufike, kwa sababu mambo yana utaratibu.

"Bupe, mwambie mama yako mdogo ninaishika kama watu wanavyoshika."

"Mama mdogo, babu anasema..."

"Nimesikia. Lusajo, mwambie babu watu wanashika namna nyingi."

"Bupe, mwambie mambo ya mkono hayaelezeki kwa mdomo."

"Lusajo, mwambie babu macho yangu hayapenyi pazia."

Hapo babu akaguna. Mimi nilidhani amekasirika. Mama alidhani zaidi ya hivyo, maana nilimsikia akitaja jina la Bwana. Kisha babu akainuka. Alikishika kiti chake kizito cha mninga, akakizungusha, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, mpaka mgongo wake ukaelekea pazia na uso wake ukaelekea ukuta mtupu. Akakaa.

"Bupe," akasema, "mimi sasa naangalia ukuta. Ukuta ni wangu, naweza kuuangalia nikitaka. Pazia liko nyuma yangu. Likisogezwa na upepo, mimi sitajua."

Hapakuwa na upepo. Hata majani ya mgomba nje yalikuwa yametulia.

Babu akainua mikono yote miwili hewani, akashika kitu ambacho hakikuwepo. Kikubwa, cha duara. Akakizungusha taratibu, mkono mmoja ukipanda mwingine ukishuka, mabega yakifuata. Akakirudisha. Akakizungusha tena, kwa nguvu, kama meli imekataa kumsikiliza. Pazia likasogea. Nilimwona Mama mdogo amesimama pale, macho hayako kwenye kisogo cha babu wala mabega yake, yako kwenye mikono tu. Alitazama mpaka babu alipomaliza safari, kisha akalirudisha pazia kama lilivyokuwa.

"Anazungusha," nikamsikia akimwambia mama. "Miezi yote hii ninamtengenezea gia, na mzee ana usukani."

Alichukua mfuniko wa sufuria kubwa ya ugali bila kuomba ruhusa. Akaupigilia katikati kwa parafujo juu ya kipande cha ubao, uweze kuzunguka. Alumini haikubali lehemu, kwa hiyo chini ya mfuniko alibana ulimi wa bati la kopo la maziwa. Ukizungusha kushoto, ulimi unagusa bati la kushoto, ukizungusha kulia unagusa la kulia, na mabati yote yakaungwa kwenye waya wa ile gia marehemu. Vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vilivuta mfuniko urudi katikati wenyewe. Kilikuwa kitu kibaya sana kwa sura. Duka lolote la leo lingekificha nyuma ya pazia lake.

Lusajo alikibeba mpaka sebuleni. Tukasubiri mbuzi wa kaseti amalize kulia. Babu akaweka mikono juu ya mfuniko, akazungusha kidogo, na mashua ikakata kona kabla ya jiwe.

Mawe kadhaa yakapita. Halafu akaanza kutaja vituo, kwa sababu mto ule haukuwa navyo na mtu alipaswa kurekebisha. Matema. Lupingu. Manda. Liuli. Kila alipotaja bandari alieleza nani alipanda hapo, nani alisahau mzigo, mwanamke gani wa Kikisi alileta vyungu na kugombana na karani. Lusajo akapewa kazi ya kupiga honi kwa mdomo. Nyuma ya pazia wakamwana wawili walikuwa wameacha hata kujifanya viziwi.

Karibu na Mbamba Bay babu akasimamisha mikono.

"Mwanangu," akasema, "huu usukani umekaza kidogo upande wa kulia."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe, kisha nikagundua kwamba hakuwa ametaja jina langu, wala la Lusajo. Jikoni kitu kilianguka, nadhani mwiko wa mama. Mashua ikagonga jiwe.

"Nitaulegeza, tata," Mama mdogo akajibu mwenyewe, kutoka nyuma ya kitenge, akimwita baba kwa lugha yetu.

"Ndaga fijo," babu akasema. Asante sana.

Dunia haikuanguka. Mpunga uliota mwaka ule kama miaka mingine. Babu, aliyekuwa mtu wa utaratibu, alichinja jogoo baada ya siku chache, akaita ndugu, akatamka mbele yao kwamba wakamwana wake sasa watamsalimia. Wazee wengine waliguna. Aliwapa paja la jogoo wakaacha kuguna. Mama alichukua muda kuzoea, salamu zake za mwanzo zilisikika kama anaomba radhi, lakini kufikia mavuno alikuwa akibishana na babu juu ya mambo ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa na ushahidi nayo. Mashua ilitupwa pembeni muda mwingi. Walikuwa na maneno ya kutosha. Babu aliishi kuwaona wajukuu wengine kadhaa, na alikula.

Sasa tazama tulivyoendelea. Leo hakuna mkamwana anayekata kona nyuma ya migomba. Baba mkwe na wakamwana wake wako kwenye kundi moja la simu, wanatumiana maua ya kuwatakia asubuhi njema yaliyotumwa na watu wengine waliotumiwa na watu wengine. Pazia limeondolewa kabisa. Mtu anaweza kumtazama mzee wake usoni kila siku, akiinua macho kutoka kwenye kioo, na wengi watainua macho hivi karibuni, wakipata nafasi. Neema ananiambia nimezidi kulalamika. Huenda. Lakini juzi kaniuliza kwa nini joistiki ya mzee mmoja wa Mbeya inarudi kila mwezi na ufa uleule, wakati vipande nilivyoweka ni vizima, na niliona ameacha simu yake kifudifudi mezani.

Nikampa jibu hili, na wewe nakupa bila malipo. Unaweza, hata kama hujawahi kushika bisibisi, maana mimi nilijifunza jikoni kwenye moshi. Joistiki ikiletwa kwako imeharibika, usianze na skrubu. Mkalishe mwenyewe kwenye kiti, mpe aishike vilevile ilivyovunjika, mwambie acheze kama yuko kwake, kisha simama nyuma yake na utazame mikono mpaka aiweke chini mwenyewe.